Upepo wa nyuma ndo unaokupika: Munga, Karoo na jua la saa nane

Watu wakisikia nimeendesha Munga swali la kwanza ni miguu, "miguu haikuuma?" Inauma ndio, ila miguu ndo kitu cha mwisho kunisumbua kule. Kinachokutoa kwenye zile mbio ni tumbo na kichwa. Jua linakula tumbo, upepo unakula kichwa, alafu kuna siku vinakuja vyote viwili kutokea upande uleule uliokuwa unauombea, na hiyo siku ndo nataka kuiongelea maana washkaji wa Arusha wameshaanza kuniuliza wanataka kwenda na naona wote wanajiandaa kwa milima tu.

Kwa asiyejua, Munga ni mbio za baiskeli za milimani Afrika Kusini, alizianzisha Alex Harris, yule jamaa wa kupanda milima na kukatiza majangwa. Unaanzia Bloemfontein, unakatiza Karoo, ile nyika kame ya ndani ya nchi, unamalizia Wellington kwenye mashamba ya zabibu ya Western Cape, kama kilomita 1,100 na karibu yote ni vumbi. Una masaa 120. Saa ikishaanza haisimami, ulale usilale hiyo ni juu yako. Njiani kuna vituo vikubwa vya kula na kulala, Van der Kloof, Britstown, Loxton, Sutherland, na kimoja zaidi huko mbele, na katikati yake kuna sehemu za maji kwenye mashamba ya watu. Hamna gari la kukufuata, hamna mshkaji wa kukupa koka dirishani. Na mbio zinaanza saa sita mchana. Sio alfajiri jamani, saa sita kamili mchana, kiangazi chao, mwisho wa mwezi wa kumi na moja kuelekea wa kumi na mbili. Aliyeipanga hiyo saa alijua vizuri sana anachofanya.

Mi nimekulia Singida, na mtu wa Singida huwezi kumtisha na upepo. Tumesoma shule madirisha yanapigwa na vumbi, tumeendesha Phoenix za wazee na dumu mbili nyuma tukirudi kisimani upepo unakusukuma mpaka unaingia kwenye alizeti za watu, na miaka nenda rudi tunaambiwa yanakuja mapanga ya umeme wa upepo. Kwa hiyo nilivyoambiwa Karoo kuna upepo nikasema sawa, karibuni nyumbani.

Sasa elewa kitu kimoja kwanza, ntajaribu kukisema bila kuleta darasa. Ukikanyaga pedeli, sehemu ndogo tu ya nguvu unayochoma mwilini ndo inafika kwenye tairi, kama robo hivi au pungufu, inayobaki yote inageuka joto. Yaani ukiwa unasukuma wati 150, ambayo ni mwendo wa kawaida tu wa mtu anayejua ana safari ndefu, ndani yako unatengeneza wati karibu 500 za joto na lazima zitoke. Zinatokaje? Hewa ikiwa ya baridi kuliko ngozi inakusaidia yenyewe kwa kukupitia. Ila hewa ikishavuka nyuzi 35 hivi inakuwa na joto kuliko ngozi yako, kwa hiyo haikupozi tena, inakuongezea. Hapo umebaki na jasho tu. Na jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka juu ya ngozi, na ili likauke linataka hewa inayopita.

Ndo maana Dar unaweza kuendesha kwenye nyuzi 32 ukahisi unakufa na Karoo ukaendesha kwenye 38 ukawa freshi kabisa. Dar hewa imeshashiba maji, jasho linadondoka tu chini bila faida. Karoo hewa ni kavu kinoma, jasho linakauka hata kabla hujaliona, unajikuta huna tone hata moja usoni alafu jezi imechora mistari myeupe ya chumvi mgongoni na kwenye mikanda ya begi. Mtu mgeni anadhani hatoki jasho. Anatoka, tena lita nzima kwa saa au na zaidi, ila upepo unalichukua bila kumuaga.

Sasa upepo wa mbele ukiwa kwenye joto la namna hiyo unakuchosha lakini unakupoza. Upepo wa nyuma ukiwa na spidi sawa na yako, piga hesabu mwenyewe: unaenda kilomita 25 kwa saa, upepo unaenda 25, hewa inayokupitia ni sifuri. Umekaa ndani ya hewa iliyosimama, kwenye nyuzi 40, na injini inaendelea kuchoma.

Hiyo ndo ilikuwa Britstown kwenda Loxton. Pale njia inaelekea kusini magharibi, na siku ile upepo ulitoka kaskazini, ule wa joto unaotokea upande wa Kalahari. Tulivyotoka Britstown asubuhi kila mtu anatabasamu, aisee leo ni mteremko, spidi inasoma vizuri, watu wanapiga stori. Kufika saa tano stori zikaisha. Kufika saa saba nikaanza kuona vitu vya ajabu ajabu, sio ndoto za kukosa usingizi, hizo zinakuja usiku, naongelea vitu vya kweli. Vumbi la tairi langu lilikuwa haliniachi. Kwa kawaida ukiendesha vumbi linabaki nyuma, lile lilikuwa linaenda na mimi, nimekaa ndani ya kawingu kangu mwenyewe kilomita kwa kilomita. Na nzi. Nzi wametulia mgongoni na kwenye magoti, wanasafiri bure, hamna upepo wa kuwatoa. Na jasho lilianza kudondoka, tone, tone, kwenye fremu, mimi mtu ambaye tangu Bloemfontein sijaona tone.

Ila kipimo changu kikubwa kilikuwa chupa. Chupa zangu naziingiza kwenye soksi ya sufu na kila nikipata maji nailowesha soksi, ni kazi ileile ya mtungi wa udongo wa bibi, maji ya nje yanakauka ya ndani yanapoa. Upepo wa mbele ukipiga soksi, baada ya dakika ishirini unakunywa maji ya baridi katikati ya jangwa, watu wanakuangalia. Siku ile soksi ilibaki mbichi na maji ya ndani yanafaa kuchovya majani ya chai. Nikaigusa, nikainywa, nikasema basi, kama chupa haipoi na mimi sipoi.

GPS ilikuwa inasoma nyuzi 44. Ikiwa juani inadanganya kidogo, tuseme ni 40 au 41 kivulini, kama kungekuwa na kivuli. Karoo haina miti. Kuna vichaka vya magotini, kondoo, waya wa mashamba, na kila baada ya mwendo mrefu kuna ile pampu ya upepo na tangi la saruji pembeni yake. Nikafika kwenye moja, nikaegesha baiskeli, nikavua jezi nikaichovya, nikaivaa inachuruzika, nikakaa upande wa kivuli cha tangi ambacho kilikuwa na upana wa makalio tu, mgongo kwenye saruji ya baridi. Nikakaa. Juu pampu inazunguka ka-nyang, ka-nyang. Kuna jamaa akapita, mzee wa makamo, mkulima wa huko huko, akapunguza akaniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama nasubiri jua, akacheka akasema upepo kama huu hautakuja tena wiki nzima, utumie. Akaenda zake, na kwa hesabu ya spidi alikuwa sahihi kabisa.

Nilimkuta sehemu ya maji iliyofuata, amelala chini kwenye sakafu ya banda, miguu juu ya kiti, mama mwenye shamba anamwekea kitaulo chenye barafu shingoni. Alikuwa ametapika kila kitu tangu uji wa asubuhi. Alichokuwa anakisema ni kwamba anasikia baridi. Nyuzi 40, mtu ana vipele vya baridi mikononi. Ukiona hivyo kwako au kwa mwenzio, acha mambo ya ushujaa, hapo mwili umeshaanza kupoteza hesabu, na akianza kuongea vitu visivyoeleweka hiyo sio uchovu tena ni hospitali, mmwagie maji huku mnaita msaada. Mzee alipona jioni, alikula ndizi, akaendelea, na alimaliza. Ila masaa aliyoyapata kwa ule upepo aliyarudisha yote kwenye ile sakafu.

Hapa kwenye tumbo nataka nikae kidogo maana ndo watu wengi wanapoishia. Joto likizidi mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili ipoe, na miguu nayo inataka damu yake, kwa hiyo tumbo linabaki la mwisho kwenye foleni. Chakula unakimeza kinakaa palepale. Unaongeza maji, nayo yanakaa, yanacheza cheza, alafu yanarudi. Mtu anadhani kala kitu kibovu. Hamna, ni kwamba jikoni hakuna mtu. Dawa yake sio kidonge, dawa ni kupunguza moto, kaa kivulini dakika arobaini damu itarudi tumboni yenyewe. Alafu maji matupu yasikudanganye. Tumbo la mtu linapitisha kama lita moja kwa saa hivi, na jasho unalotoka linaweza kuzidi hapo, kwa hiyo huwezi kushindana na jua kwa kunywa tu. Na ukinywa maji matupu mengi mno unaosha chumvi kwenye damu, kichwa kinauma, vidole vinavimba pete haitoki, unadhani una kiu unaongeza tena. Hiyo imeshaua watu kwenye mbio ndefu, sio utani. Mi nabeba ORS, zile zile pakiti za duka la dawa wanazopewa watoto wakiharisha, bei ya kutupa, na zile sacheti za rangi rangi za wanamichezo nawaachia wanaozipenda. Chakula kilichokaa tumboni mwangu ni viazi vya kuchemsha na chumvi, wali mkavu, tikiti, koka iliyotoka gesi. Biltong ile nyama yao kavu ni tamu balaa ila mchana usiiguse, ibaki ya usiku.

Usiku ndo mbio zenyewe. Angalia hesabu, kilomita 1,100 kwa masaa 120 ni wastani wa kilomita 9 na kitu kwa saa, ndani yake kula, kulala, pancha, kila kitu. Wanaoshinda wanamaliza kwa nusu ya muda huo au pungufu, wale waacheni, wale ni watu wengine. Sisi wengine tuna masaa ya kutosha ya kulala saa sita mpaka saa kumi mchana kila siku na bado tukafika. Watu hawalali mchana kwa sababu wanaona aibu, GPS ya mashindano inaonyesha kadoti kao kamesimama na nyumbani wanaangalia. Mama yangu alikuwa anaangalia kadoti kangu Singida kwenye simu ya mdogo wangu. Nilivyompigia kutoka Loxton akaniuliza, "Mwanangu, mbona mchana umekaa sehemu moja, umeumwa?" Nikamwambia shikamoo kwanza mama, hapana, nimepumzisha jua. Akasema marahaba, alafu akanyamaza kidogo akauliza, "Na huko usiku unamkimbia nani?" Sikuwa na jibu hahaha.

Kwa nini usiku: jua likizama ardhi ya Karoo inapoa haraka, anga halina wingu. Mchana ule moto wa chini unakoroga hewa, upepo mkali wa juu unashushwa mpaka usawa wa kichwa chako, ndo maana unaanza kukaza baada ya saa tano na unakuwa mkali zaidi alasiri. Usiku hewa ya chini inatulia. Unaendesha na tochi, kimya, baridi, bweha tu na mageti. Wengine tunapenda mpaka tunasahau kulala. Ila msije mkabeba huu ushauri kila mahali, nawaambia hasa ndugu zangu wa Kenya mnaopenda kwenda Turkana. Kule upepo ni kinyume, unapita kwenye lile pengo kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia na unakuwa mkali zaidi usiku kuamkia asubuhi. Sio bure wamefunga mapanga 365 kule Marsabit karibu na ziwa, megawati 310. Mtu akienda Loiyangalani na mbinu zangu za usiku ataniita majina.

Sasa huo wa mbele. Ulikuja jioni ile ile. Upepo wa joto wa kaskazini mara nyingi unatangulia hewa baridi inayotoka baharini, na hiyo ikifika upepo unageuka, unatoka kusini magharibi, yaani huko huko unakoenda, na mara hii haukuwa na habari na masomo yangu ya usiku, ulipiga mpaka alfajiri na kesho yake yote kuelekea Sutherland. Upepo ukiwa wa kilomita 40 kwa saa na wewe unaenda 10, hewa inakupiga ya 50, na nguvu yake inapanda kwa mraba, sio kidogo kidogo. Kwenye tambarare kabisa nilikuwa kwenye gia ya mlima. Na mwili wako ndo tanga lenyewe, baiskeli ni kitu kidogo, kwa hiyo kazi ni moja, jifanye mdogo. Viwiko ndani, kidevu karibu na usukani, ukifungua zipu hata moja jezi ikajaa hewa utaona unavyorudishwa nyuma. Begi linalopepea funga. Hizo ndo mbinu zote, hamna siri nyingine.

Kinachochosha zaidi ya hapo ni kelele. Hii hawakwambii. Masaa na masaa ya mngurumo masikioni, huwezi kusikia cheni yako, huwezi kusikia unapumua, huwezi kufikiri jambo ukalimaliza. Nikafunga kitambaa kuziba masikio chini ya helmeti, sio kwa ajili ya baridi, kwa ajili ya utulivu tu, na kwa kweli kilinisaidia kuliko gia yoyote. Kitu cha pili niliichomoa ile kurasa ya kilomita kwenye GPS nikabakiza ramani. Ukiona kilomita kwenye upepo ule unaanza kukokotoa, na ukianza kukokotoa umekwisha, maana kila jibu ni baya. Nikawa nahesabu mageti. Karoo mashamba yamefungwa waya na barabara inapita katikati yake, kwa hiyo unafungua geti, unapita, unafunga, hiyo sheria haina mjadala, kondoo wa mtu wakitoka umemharibia. Kwenye upepo geti moja ni kazi ya mtu mzima: mkono mmoja unashika geti linalotaka kukupiga, mkono mwingine mnyororo wenye ndoano iliyopinda, na baiskeli umeibana kwa paja ili isilale. Ililala kila mara. Kuna geti moja nilifunga, nikageuka, baiskeli iko upande wa pili. Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka machozi, na machozi yenyewe yakaenda pembeni hahaha.

Midomo itapasuka, nunua mafuta ya mdomo yenye kinga ya jua kabla hujafika, na puani paka vaselini, hewa kavu na vumbi vinakutoa damu. Na huko kwenye siti chumvi ya jasho inageuka msasa, osha kila ukipata bomba hata kama unaona uvivu, nimeona watu wenye miguu mizuri wakimaliza wamesimama kwenye pedeli.

Sutherland nilifika na jaketi. Ndo Karoo ilivyo, ule mji uko juu kama mita 1,450, hewa kavu na safi mpaka wamejenga pale ile darubini kubwa ya SALT ya kuangalia nyota, na usiku hata kiangazi unatetemeka. Supu niliyokula pale sitaielezea. Baada ya hapo unashuka Ouberg, ule mteremko mkali wa mlima, mawe mawe, breki zinanuka, unatua kwenye nyika kame ya Tankwa na joto linakungoja chini maana umeshuka mamia ya mita kwa mkupuo mmoja, na mchezo unaanza upya, soksi kwenye chupa, chumvi, kivuli kama kipo.

Kwa wale wa Arusha na Dodoma mnaojiandaa: mwili unaweza kufundishwa joto, wiki moja mpaka mbili za kuendesha kwenye jua kila siku, saa moja hivi au saa moja na nusu bila kujikamua, unaanza kutoka jasho mapema na jasho lenyewe linakuwa na chumvi pungufu. Ukiacha, hayo mazoea yanapotea ndani ya wiki chache, kwa hiyo yafanye karibu na safari. Dodoma mna bahati, tokeni mchana mwende upande wa Manyoni, joto kavu na upepo vyote vipo na havina kiingilio. Wa Arusha huko kwenye ubaridi wenu mtateseka kidogo, shukeni Mto wa Mbu wikiendi. Kuhusu tairi na presha nimeshaona meseji zenu, nitaandika peke yake, ila kwa sasa jibu fupi: pana kuliko unavyodhani, na upepo mdogo kuliko unavyodhani.